Eti Daraja la Mungu lilijengwa na WAJERUMANI? Huyu mtu anyang'anywe spika!

Mtu wa Tukuyu:
Wakuu, naandika huku natetemeka. Jina simtaji, mnamjua, yule wa kofia ya pama na spika begani. Leo kaleta basi zima la watalii wa ndani hadi Kiwira, kasimama mbele ya Daraja la Mungu, akatangaza: "Daraja hili walijenga Wajerumani."

WAJERUMANI!

Spika ile imesikika hadi Malawi, samaki wote wa Ziwa Nyasa sasa hivi wameshapotoshwa. Na watu wazima wanaitikia, wanarekodi!

Nikamwendea kwa adabu: kaka, hili ni jiwe la volkano. Uji wa moto ulishuka ukaganda, mto Kiwira ukapenya chini yake, ukabaki upinde. Hakuna fundi aliyegusa pale. Ndiyo maana likaitwa la Mungu! Akanijibu kwa spika, mbele ya basi zima: "Mzee, tuache tufanye kazi."

Mjerumani alijenga boma Tukuyu, sawa. Mji akauita Neu Langenburg, sawa. Lakini daraja alilikuta! WAJERUMANI, jamani!

Mchele wa Kyela:
Pole mkuu, ila umelia kama umeibiwa ng'ombe.

Bushoke2:
Kumbe si Wachina?

Mtu wa Tukuyu:
Bushoke2 usinichokoze leo. Kasema kwa SPIKA.

Dada wa Mwanjelwa:
Huyo huyo alitupeleka Ziwa Ngosi, kila tukiuliza anasema "hapo tu." Hapo tu, tunapanda mlima masaa! Kiatu changu kimebaki kwenye tope mpaka leo. Na chakula tulicholipia hatukukiona.

Mchele wa Kyela:
Dada, mlilipia shilingi ngapi?

Mvuka Mto:
Nyie mnagombea daraja ambalo halijamgharimu mtu hata senti. Letu la mbao limesombwa na masika, watoto wanavushwa mgongoni kwenda shule. Kila mwaka tunaahidiwa karavati.

Mwana Kigoma:
Mvuka Mto, dai daraja la mawe. Huku kwetu yamejengwa, ya upinde kabisa. Wanaweka fremu ya mbao, wanapanga mawe na saruji juu yake, likikomaa fremu inatolewa. Nondo hakuna, na bei ni chini kuliko la zege.

Mtu wa Tukuyu:
Wakuu, turudi kwenye mada. Hayo yana mafundi. La Kiwira HALINA FUNDI, na mtu kasimama kasema Wajerumani!

Mvuka Mto:
Mwana Kigoma, mawe tunayo tele. Tuanzie kwa nani, mwenyekiti wa kijiji au diwani?

Bushoke2:
Diwani wetu simu hapokei. Karavati la mtaani limezibwa na chupa za ile baa ya kona, mvua ikinyesha maji yanaingia sebuleni.

Dada wa Mwanjelwa:
Baa ipi, ile yenye mishikaki mibichi? Fungua uzi wake, na mimi nina yangu ya kusema.