Mbeya tukale wapi na wakwe: mjini, Mwanjelwa, Uyole au Utengule?

Mgeni_Iyunga
Wakuu wa Mbeya habari za baridi. Jumamosi hii napokea wakwe zangu kutoka Tanga, mara yao ya kwanza kupanda huku juu, na mke wangu kaniachia kazi moja tu, nitafute pa kula mchana na pa kukaa jioni tunywe kitu cha moto. Mimi nimehamia Iyunga mwaka jana, nakula nyumbani na kantini ya kazini basi. Mpaka sasa nimetajiwa sehemu nne, mjini kule Uhindini, Mwanjelwa kwa mama lishe, Uyole, na Utengule kwenye shamba la kahawa. Wakwe ni Waislamu kwa hiyo kitimoto na bia havipo kwenye hesabu, baba mkwe ana miaka sabini na kitu hapendi kutembea sana, na mama mkwe ni mpishi haswa, wali wa nazi na samaki ndo maisha yake, huyo usimpeleke kwenye chipsi kuku. Nataka wale kitu ambacho Tanga hakipo. Naomba mnilinganishie sio kunitajia jina tu.

Kijana_BlockT
Mkuu usihangaike, Mwanjelwa. Ndizi zinashuka asubuhi kutoka Tukuyu, mchele wa Kyela uko hapo, maparachichi ya Rungwe yamemwagwa chini kama viazi, yaani mama lishe anavuka barabara tu kununua anarudi kupika. Kule mjini kitu hichohicho kimepita mikono mitatu na bei imepanda. Ndizi nyama ya pale, ile mbalaga iliyopikwa mpaka mchuzi umekua mzito wenyewe bila unga, hujaila Tanga hata siku moja. Sahani elfu tatu elfu nne unashiba mpaka jioni.

Mzee_wa_Isanga
Kijana wa Block T nakubaliana na wewe nusu. Mwanjelwa ya kula niliyoijua mimi ni ya kabla soko halijaungua 2006, pale ulikua unajua kabisa ndizi unakula kwa nani, maharage kwa nani. Baada ya moto watu wakatawanyika, wengine wakaenda soko la SIDO, nako kukaungua 2011 na tena 2017, kwa hiyo wale wapishi wazuri leo ukiwatafuta lazima uulize, mmoja yuko Kabwe mwingine Mafiati mwingine kaacha kabisa kazi. Wapo wazuri bado ila sio kila anayeandika ubaoni WALI WA KYELA anapika Kyela. Mchele wa Mbarali ni mzuri, nakula mwenyewe nyumbani, lakini sio Kyela. Mwambie mama afunue sufuria mbele yako. Kyela halisi harufu inakufikia kabla hujakaa kwenye benchi, na punje ikipoa inabaki laini. Kama umefunuliwa na umesikia mvuke tu, agiza ndizi.

MamaLishe_Uyole
Shikamoo mzee wa Isanga, umesema kweli tupu. Naongea kama mtu ninaepika hapa Uyole miaka kumi na mbili. Mgeni nikwambie kitu ambacho wageni wa pwani hawakijui, huku kwetu tuko juu zaidi ya mita 1,700, maji yanachemka kwenye kama nyuzi 94 sio 100, kwa hiyo maharage yanayoiva Tanga kwa saa moja na nusu huku yanataka muda zaidi. Anaeharakisha anakupa maharage yana kiini. Mie nabandika saa kumi alfajiri kwa moto mdogo wa mkaa, tena natumia Njano Uyole, mbegu iliyotoka kwenye kituo cha utafiti hapahapa kwetu, inaiva laini na mchuzi wake una rangi. Cha pili ni baridi. Julai chakula kinapoa ukikiangalia, nyama ya ng'ombe ukiiacha dakika kumi mafuta yanaganda juu ya mchuzi meupe kama mshumaa na utamu wote umekwisha. Kwa hiyo sehemu ya kula Mbeya chagua kwa kuangalia jiko liko wapi. Jiko likiwa hatua mbili na meza, kaa. Chakula kikitoka kwenye hotipoti tangu saa nne, hata kama kuna vitambaa mezani, pita.

Kijana_BlockT
Hii ya jiko naichukua dada. Kumbe ndo maana kuna hoteli moja huku mjini siitaji, tulikula harusi ndogo mwezi wa sita nyama nzuri kabisa ila kila mtu anakwangua mafuta pembeni ya sahani.

Halima_Sokomatola
Assalam aleikum. Naona mnasifia ndizi na mchele ila hakuna aliemjibu mgeni suala la wakwe zake. Mbeya ni mji wa kitimoto, tuseme ukweli, na sehemu nyingi za Mafiati na Soweto karai lililokaanga nguruwe jana ndo linakaanga viazi leo. Mimi siwalaumu, ni biashara yao na wateja wao ndo hao, lakini mtu mwenye wageni Waislamu lazima aulize kabla ya kukaa, aulize mafuta, aulize na kisu. Usione aibu, mama lishe mwenye heshima atakujibu bila kukasirika. Kwa sababu hiyo mimi napigia kura mjini, Uhindini na huku kwetu Sokomatola, ambako kuna migahawa ya Waislamu tangu zamani, chapati zinasukumwa mbele yako, supu ya asubuhi, pilau mchana, na baba mkwe anapata msikiti karibu akitaka kuswali adhuhuri bila kupanda bajaji. Kweli pilau Tanga ipo. Ila samaki ulizia wa Ziwa Nyasa, ukipata mbasa mbichi aliyeletwa kutoka Kyela asubuhi umempata mama mkwe moja kwa moja, huyo hana ladha ya bahari hata kidogo, nyama yake tamu ina mafuta yake, anapikwa kwa limao na nyanya tu. Hata usipa, dagaa wa Nyasa, wakaange wakauke umpe na ugali.

Mbozi_Arabika
Jioni twendeni Utengule. Mjini kahawa unayopewa hoteli nyingi ni ya kopo, na sisi ndo tunalima, Mbozi yote ile pale jirani imejaa mibuni, hili jambo linaniuma sana jamani. Utengule kahawa iko shambani, wanakaanga wenyewe, unakaa barazani bonde lote liko chini yako na ukifika kabla jua halijazama mzee wako atakaa kimya nusu saa anaangalia tu. Kulinganisha kwa haki, ni ghali, kikombe kimoja na kipande cha keki unakua umelipa sahani mbili za Mwanjelwa, na ni kama kilomita 20 kutoka mjini unaingilia Mbalizi, kwa hiyo kodi gari, bajaji jioni na baridi hii utamuumiza mzee. Nenda kunywa usiende kula. Na beba blanketi.

Msafiri_Kihesa
Wakirudi Tanga kwa barabara wapitishe Iringa, Neema Crafts wana mgahawa wao mzuri, kituo kile kilianza 2003 na wanaohudumia wengi ni viziwi, unaandika unachotaka au unaonyesha kwa ishara. Ni mahali patulivu mno kwa wazee.

Mzee_wa_Isanga
Msafiri asante, ila mgeni kauliza Mbeya. Bi Halima hapo kwenye karai umenifungua macho, mimi mzee wa Kimoravian nisingelifikiria kabisa. Basi mgeni fanya hivi, mchana Uyole kwa mama lishe, maana ukitoka Iyunga ni barabara moja tu mpaka njia panda ya Tukuyu, na gari linasimama mlangoni mzee hatembei. Dada, kwako kunakaangwa kitimoto?

MamaLishe_Uyole
Hapana mzee wangu, jirani yangu ndo anauza, mie kwenye karai langu hakijawahi kuingia. Nyama nachukua bucha ya Muislamu. Wakaribie, ila wasije baada ya saa nane, ndizi zinakua zimeisha na sitawapa za kupasha.

Mgeni_Iyunga
Wakuu nimerudi, leo Jumatatu. Tulifika Uyole saa sita na nusu. Dada alifunua sufuria kabla hata sijaomba, mama mkwe akasogeza kiti chake mwenyewe mpaka karibu na jiko, sijui kwa baridi au kwa kutaka kuona, akauliza ndizi umetia nazi, akaambiwa hapana, akauliza sasa huu uzito umetoka wapi, akaambiwa ni ndizi yenyewe imeachwa iive polepole na mafuta ya nyama. Alikula akaongeza. Baba mkwe yeye alikamata maharage, ndizi hakugusa, akasema huko kwetu maharage ni ya kusindikizia wali, haya ni chakula. Mbasa wa Bi Halima tulimtafuta hakupatikana Jumamosi, tulipata usipa. Jioni Utengule tulienda kwa gari la kukodi, kahawa ni kweli bwana Mbozi, mzee alikaa kimya kama ulivyosema mpaka ukungu ukafunika bonde. Parachichi wameondoka nayo gunia dogo. Ndaga fijo, asanteni sana wote.

Swali la mwisho kwa dada wa Uyole, mama mkwe kapiga simu asubuhi anataka kupanda ile mbegu ya Njano Uyole Lushoto kwa dada yake, je nampatiaje kilo mbili za mbegu sio za kula?