Kura ya wawakilishi wa wafanyakazi kwa sisi marubani: sanduku, posta, mtandao au wakala?

Kiti_cha_Kulia

Salaam wakuu.

Kampuni ninayorukia inaingia kwenye uchaguzi wa wawakilishi wa wafanyakazi. Kamati ya uchaguzi haijakubaliana bado na menejimenti kura ipigwe vipi, na imetuomba marubani tuseme tunachotaka kabla ya Ijumaa. Mezani kuna njia nne: sanduku kituoni, bahasha kwa posta, mtandao, au kumwachia mwenzako akupigie kama wakala.

Rosta yangu ya wiki hiyo iko hivi. Jumatatu naondoka alfajiri, nalala nje siku mbili, Jumatano narudi saa tano usiku. Alhamisi mapumziko. Ijumaa na Jumamosi simuleta (mashine ya mazoezi ya urubani), na simuleta yenyewe haiko kituoni. Sanduku limepangiwa Jumanne, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kwenye kantini ya jengo la utawala. Hata nikitaka, sina pa kupenya. Uchaguzi uliopita ilikuwa hivyohivyo: mafundi walitoka karakana na ovaroli zao, wakapiga kura, wakarudi kazini ndani ya dakika kumi. Sisi matokeo tuliyasikia kwenye basi la hoteli.

Moyo wangu uko kwenye mtandao, ila kapteni niliyeruka naye wiki jana kanitia shaka. Anasema ukipiga kura kwa mtandao umempelekea bosi kura yako mkononi. Naomba uzoefu wenu, hasa nyie mliopitia njia zaidi ya moja.

Saa_za_Zulu

Mkuu, mimi nimepitia mbili kati ya hizo nne, na zote mbili nimewahi kuzikosa kwa namna moja au nyingine, kwa hiyo nisikilize.

Posta kwanza. Bahasha ilifika nyumbani siku niliyoondoka, nikaikuta siku sita baadaye chini ya bili ya umeme. Zilikuwa bahasha mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani inakaa karatasi ya kura na haiandikwi kitu. Ya nje ndiyo unayoandika jina na kutia saini, ili wakutie alama kwenye daftari kabla hawajaichanganya ya ndani na nyingine. Mimi kwa haraka nikasaini zote mbili. Kura ikaharibika. Miaka yote nasaini fomu za mafuta na kitabu cha ufundi cha ndege, mkono umezoea: ukiona mstari mtupu, weka saini!

Mtandao sasa. Tangazo lilisema kura inafungwa "15:00". Rosta yetu, mpango wa safari, hali ya hewa, kila kitu tunachoshika kiko kwa saa za Zulu, yaani UTC, saa zinazotumika na marubani dunia nzima. Nikajua 15:00 ni Zulu. Nikatua saa 13:10, nikamaliza makaratasi, nikaagiza kahawa, nikafungua simu kwa raha zangu. Imefungwa. Walimaanisha saa za kituoni, na kituo kiko saa tatu mbele, yaani ilifungwa 12:00 Zulu. Nilikuwa nimeshachelewa kabla hata sijaanza kushuka kutua.

Pamoja na hayo yote, bado nasema mtandao. Ila waandike saa kama watu wazima.

Nusu_Mzigo

Hahaha, bora nyie mliandikiwa 15:00. Kwetu tangazo lilisema "mwisho saa 9". Nusu ya watu wakaelewa alasiri, nusu wakaelewa asubuhi kwa sababu kwenye rosta 9 ni 09:00. Kamati ikaongeza siku moja baada ya kelele.

Bi_Turbopropu

Habari za jioni wenzangu. Mimi ni kapteni kwenye kituo kidogo, ndege ndogo, marubani tisa tu. Naona mnabishana njia ya kupiga, mimi nataka kuongelea njia ya kuhesabu, kwa sababu huko ndiko nilikoumia.

Kwetu lililetwa sanduku, na kwa heshima zote lilipangwa siku ambayo wengi wetu tupo. Tukapiga kura saba. Jioni wakalifungua palepale na kuhesabu palepale: saba kwa mgombea mmoja, sifuri kwa yule aliyependwa na ofisi. Matokeo yakabandikwa ukutani kituo kwa kituo. Sasa niambieni, siri iko wapi hapo? Nani aliyempigia nani kilijulikana bila hata kuchungulia. Miezi miwili iliyofuata likizo zetu zilikuwa zinakataliwa kwa maneno matamu. Siwezi kuthibitisha kwamba ni kwa sababu ya kura, ndiyo maana sisemi zaidi.

Karatasi kwenye sanduku lililofungwa ni siri pale mlipo mia mbili. Mkiwa saba ni orodha ya majina. Kwa hiyo kaka Kiti_cha_Kulia, chochote mtakachochagua, dai kura za vituo vyote zichanganywe kabla ya kuhesabiwa, na matokeo yatangazwe kwa kundi zima. Kwenye mtandao hilo ni jepesi. Kwa masanduku inabidi yasafirishwe yakiwa na lakiri hadi sehemu moja, na hapo ndipo ofisi huanza kusema gharama, gharama. Kampuni ya ndege inalia gharama ya kusafirisha sanduku!

Kiti_cha_Kulia

Dada hapo umenifungua macho, hilo la kuhesabu sikulifikiria kabisa. Na hofu ya yule kapteni wangu kuhusu mtandao mnaionaje?

Mzee_wa_Zamu

Kijana, kapteni wako hajakosea kabisa, ila amelenga pembeni.

Mfumo wa kura ya mtandao ulioandaliwa vizuri hutenganisha vitu viwili: daftari la nani kapiga, na sanduku la nini kimepigwa. Mtu wa ofisi anaweza kuona kwamba umepiga, asione umempigia nani. Suali la kuuliza ni nani anashika funguo. Zikishikwa na kampuni ya nje, na kufungua sanduku kukahitaji watu wa pande zote mbili wawepo kila mmoja na funguo yake, lala usingizi. Zikishikwa na idara ya rasilimali watu peke yake, kapteni wako yuko sahihi.

Kinachowaponza marubani ni uzembe wetu wenyewe. Watu wanapigia kura kwenye tableti ya kazini! Ile tableti ni ya kampuni, programu zake zinasimamiwa na kampuni kutoka mbali. Tumia simu yako. Na usiitumie chumba cha rubani, hata ndege ikiwa imetulia angani na kahawa imeletwa. Mwaka 2009 ndege ya Northwest ya Marekani, safari namba 188, iliipita Minneapolis, ilikokuwa itue, kwa zaidi ya maili 100 marubani wakiwa wameinamia kompyuta zao. Mnajua walikuwa wanajadili nini? Mfumo mpya wa kupanga rosta. Marekani ikaja kupiga marufuku matumizi binafsi ya vifaa hivyo chumba cha rubani. Mambo ya kazini ndiyo yanayotunasa, siyo muziki.

La pili, kabla ya kuchagua njia, soma kanuni inasemaje kuhusu asiyepiga. Maana kukaa kimya nako huhesabiwa, na kila mahali kwa namna yake. Marekani, mashirika ya ndege yako chini ya sheria ya reli ya 1926, iliyonyooshwa hadi kwenye ndege mwaka 1936. Kwa miongo mingi, kwenye kura ya kuchagua chama cha kuwawakilisha, asiyepiga alihesabiwa kama aliyekataa. Ilibidi wengi wa walioandikishwa wote waunge mkono. Mwaka 2010 ndipo ikabadilishwa, ikawa wengi wa waliopiga. Hebu fikiria rubani aliyekuwa hewani wakati ule: hakukosa kura tu, alipiga ya hapana bila kujua. Ufaransa nako kuna akidi kwenye duru ya kwanza: kura halali zisipofika nusu ya walioandikishwa, kunaitishwa duru ya pili, na hapo orodha ambazo hazikuletwa na vyama vya wafanyakazi nazo zinaruhusiwa kuingia. Kwa hiyo mahali penye akidi, sanduku la siku moja kwenye kantini ni njia nzuri sana ya kuua uchaguzi wa marubani bila kuvunja kanuni hata moja.

Fundi_Jirani

Samahani kwa kuingilia uzi wa wakubwa, mimi wa karakana. Mbona mnajisemea "uchaguzi wa marubani"? Si uchaguzi wa wafanyakazi wote huo? Kila mara nyie mnataka kapu lenu peke yenu. Mkikaa kapu moja na sisi pamoja na wahudumu wa ndani, sauti si inakuwa nzito zaidi?

Mzee_wa_Zamu

Swali la haki, fundi. Kapu moja lina nguvu kwa mambo ya wote: bima, usafiri wa wafanyakazi, kupunguza watu. Ila marubani ni wachache. Kwenye orodha ya pamoja viti vyote vinaweza kwenda kwa wa ardhini, na siku ya kujadili saa za kazi angani na mapumziko hakuna mezani aliyewahi kuamka saa nane usiku kwenda kurusha watu. Ndiyo maana Ufaransa, kampuni ya ndege ikiwa na angalau wafanyakazi 25 wa chumba cha rubani, hao wanapata kundi lao la uchaguzi. Marekani nako kila fani hupiga kura yake, kampuni nzima. Ujerumani walikwenda njia nyingine: sheria yao ya mabaraza ya wafanyakazi ya 1972 iliwaacha nje wafanyakazi wa angani, uwakilishi wao ukategemea makubaliano na chama. Kampuni isiyotaka makubaliano ilibaki bila baraza. Mwaka 2019 ndipo wakaziba, kwamba pasipo na makubaliano ya aina hiyo, sheria ya kawaida inawahusu na wao.

Mimi napendelea kundi letu wenyewe, kisha tukae na nyie meza moja tukishachaguliwa.

Fundi_Jirani

Sawa mzee, nimekuelewa. Ila hiyo ya kuamka saa nane usiku, nani anakuwa kaikagua ndege kabla hujafika? 😄

Saa_za_Zulu

Fundi kashinda hiyo.

Nusu_Mzigo

Hakuna aliyegusa wakala bado, acha niiseme. Kwenye kazi ya zamani tuliruhusiwa kumkabidhi mwenzako kura kwa barua. Kwa maneno ni njia rahisi kuliko zote. Nilikuwa nimeanza kazi, miezi minne hivi, tunasubiri mizigo ipakiwe. Kapteni akatoa fomu tatu zimeshajazwa jina lake, akaniambia, "Kijana, wewe wiki ijayo haupo, saini hapa nikusaidie." Huyo huyo ndiye angeandika ripoti yangu ya mafunzo ya njia, yale ya kwenye safari halisi. Nilisaini. Kura yangu ilikwenda kwa rafiki yake, na sikuwa na mdomo wa kusema.

Kwa fani nyingine labda inafaa. Kwetu sisi, ambako rubani msaidizi wa kiti cha kulia anapimwa na kapteni wa kushoto kila siku, wakala ni kuwapa makapteni kura mbilimbili.

Bi_Turbopropu

Naunga mkono, na mimi ni wa kushoto. Iondoeni kabisa.

Halafu jambo dogo: mkichanganya mtandao na sanduku, mtu asipige mara mbili. Safi zaidi ni mtandao ufungwe kwanza, daftari litiwe alama za waliopiga, ndipo sanduku lifunguliwe kwa waliobaki. Na sanduku likae chumba cha maelezo ya safari, pale tunaporipoti, siyo kantini ya utawala ambako rubani haendi hata kwa kupotea.

Kiti_cha_Kulia

Wakuu, asanteni sana. Nimeandika kwa kamati hivi, nirekebisheni:

"Marubani tunaomba kura ya mtandao ya siku kumi, muda ambao hata mtu mwenye safari ndefu atagusa walau siku mbili za mapumziko. Saa za kufungua na kufunga ziandikwe kwa Zulu na kwa saa za kituoni, zote mbili. Mfumo usimamiwe na kampuni ya nje, funguo zigawanywe baina ya menejimenti na wagombea. Baada ya mtandao kufungwa, sanduku liwekwe siku moja chumba cha maelezo ya safari, saa 24, kwa walioshindwa. Kura za vituo vyote zichanganywe kabla ya kuhesabiwa. Posta ibaki kwa walio kwenye likizo ndefu au ugonjwa tu. Wakala hapana."

Akidi nimeenda kuitafuta kwenye kanuni zetu: ni nusu ya walioandikishwa, kundi kwa kundi. Mara iliyopita tulifika thelathini na kitu kwa mia. Mzee ulijuaje?

Mzee_wa_Zamu

Nimezeeka kwenye hizi zamu, kijana. Ongeza kwamba walio kwenye zamu ya akiba wasiitwe kazini ndani ya saa lile walilojiandikisha kwenda kupiga kwenye sanduku. Watakataa, lakini andika.

Saa_za_Zulu

Na namba ya siri isitumwe kwa meseji. Laini nyingi hazisomi nje ya nchi, utakaa hotelini unaisubiri hadi waifai ikutoe. Waitume kwenye baruapepe binafsi, siyo ya kazini.

Kiti_cha_Kulia

Yote mawili nimeyaongeza, nimetuma. Naripoti saa 02:40Z, acha nikalale. Kamati ikijibu nitarudi hapahapa.

Nusu_Mzigo

02:40 Zulu au ya kituoni? 😂