WIC wamenihesabia mshahara wa shemeji

Kutoka: Mama Kijacho

Habari za majukumu wanajumuiya. Naomba msaada wa haraka, mimba ina miezi saba. Tunaishi kwa shemeji, kaka wa mume wangu. Yeye ana mke na watoto watatu, sisi tuko watatu na mwanangu wa miaka miwili. Mkataba wa nyumba una jina lake. Jana nimeenda kliniki ya WIC, huu mpango wa chakula wa Marekani kwa wajawazito na watoto wadogo, na pasipoti, bili ya umeme na karatasi za mshahara za mume. Dada wa dirishani akauliza mko wangapi nyumbani, nikasema wanane, maana ndio tulio. Basi akataka na mshahara wa shemeji, akapiga hesabu, akasema mmepita 185% ya kiwango cha umaskini, ndio mwisho wao wa kipato. Kidole hata hakikutobolewa kupima damu. Karatasi hakunipa, kaniambia kwa mdomo tu, huku anaangalia foleni nyuma yangu.

Swali: nipeleke nini kuonyesha kwamba sisi na shemeji kila mtu na mfuko wake? Kodi tunamchangia kwa keshi, hakuna risiti. Na shemeji hataki kuandika barua ya kwenda ofisi yoyote, anasubiri I-485, ombi lake la grinkadi.

---
Kutoka: Dereva wa Masafa

Pole shem. Mnapika pamoja? Kama ni chungu kimoja, mmekwisha. Sisi walitukata hivyohivyo, mke wangu aliropoka kwamba sufuria ni moja. Waambie mna friji mbili.

---
Kutoka: Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Dereva, usimpoteze mtu. Mambo ya kununua na kupika pamoja ni ya SNAP, ule msaada mwingine wa chakula. WIC wanaangalia kama mnaendesha maisha kwa mfuko mmoja. Familia mbili zinaweza kulala chini ya paa moja na zikahesabiwa mbili, ilimradi kila moja inajitegemea. Na friji ya uongo iache, ukigundulika hata haki yako inapotea.

Mama Kijacho, mimba nayo inahesabiwa mtu, kwa hiyo nyinyi ni wanne kwenye hesabu. Una Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo? Mjamzito mwenye Medicaid anapita kipengele cha kipato moja kwa moja, na huyo wa miaka miwili anaingia humohumo. Mshahara wa shemeji hauna kazi tena.

---
Kutoka: Mama Kijacho

Asante dada. Medicaid nimeomba, bado "inashughulikiwa". Ndiyo maana nauliza karatasi.

---
Kutoka: Baba Watatu, Texas

Aki hawa watu. Mimi ni 1099, yaani nimejiajiri, roli ni yangu. Karani akachukua pesa yote iliyoingia, dizeli na bima zikiwa ndani, akaniona tajiri. Nikamwekea Skedyuli C, fomu ya kodi ya mapato na gharama za biashara, mezani: kwa aliyejiajiri wanatakiwa kuangalia kinachobaki baada ya gharama. Akaenda kumwita msimamizi. Msimamizi hakubishana. Mume wako ni W-2 (ameajiriwa) au 1099? Kama mwezi huu amelala bila mzigo, waambie, wanaweza kuangalia kipato cha sasa au cha miezi 12 iliyopita.

---
Kutoka: Kaka Mgeni

Kwani WIC si ya raia tu? Huyo shemeji ana haki ya kuogopa. Rafiki yangu aliambiwa ukila vya serikali grinkadi unaisahau.

---
Kutoka: Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Rafiki yako aliambiwa na nani? Kila mwezi nasoma hili humu, nimechoka. WIC haikuwahi kuwa kwenye hesabu ya uhamiaji ya kumnyima mtu grinkadi kwa kuwa "mzigo kwa serikali", hata kanuni kali ya 2019 haikuigusa. Ya 2022 inatazama misaada ya pesa taslimu kama SSI ya wazee na walemavu na TANF ya familia maskini, na kutunzwa muda mrefu kwenye taasisi kwa gharama ya serikali. Nina wajawazito wanaokuja wodini damu iko chini kwa sababu ya hizi "rafiki yangu aliambiwa".

---
Kutoka: Msoma Sheria

Hiyo ya 2022, Novemba 2025 DHS, wizara ya usalama wa ndani, wamependekeza kuifuta. Tusimpe mtu uhakika kama wa sahani ya wali. Shemeji amuone wakili wake.

---
Kutoka: Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Nimesema WIC. Soma vizuri. Na shemeji siye anayeomba.

---
Kutoka: Bibi wa Louisville

Wanangu msigombane. Mama Kijacho, nani atakukanda ukijifungua? Hapo ndipo mimi naona tabu ya nchi hii. Mimi mzaliwa wa Uvira, nimezaa wa kwanza kambini Nyarugusu, na bado kulikuwa na wamama wa kunichemshia maji asubuhi na jioni. Huku binti yangu amezaa Jumatatu, Alhamisi anaendesha gari mwenyewe kwenda kupima mtoto. Wanampa kadi, inanunua mayai, jibini, siagi ya karanga. Vizuri. Lakini kadi haimshiki mtu mgongo. SNAP yetu wakimbizi ilikatwa na sheria ile ya Julai 2025, WIC ndiyo imebaki, msiiachie.

---
Kutoka: Dereva wa Masafa

Bibi umenikumbusha mtori wa mama Moshi. Nimefika Nebraska usiku huu, nakula mkate mkavu.

---
Kutoka: Baba Watatu, Texas

Heri nyinyi mna WIC ya kulalamikia. Nyumbani Kenya tulikuwa na Linda Mama, mama anazaa bure, wakaleta bima mpya ya SHA Oktoba 2024, wanakata 2.75% ya mshahara na dada yangu bado ameambiwa mfumo uko chini akiwa na uchungu.

---
Kutoka: Kaka Mgeni

Mlipiga kura wenyewe.

---
Kutoka: Baba Watatu, Texas

Wewe ulipiga wapi?

---
Kutoka: Msoma Sheria

Turudi kwenye mada. Mama Kijacho, jibu la mdomo si jibu. Ukikataliwa lazima upewe barua yenye sababu, na kuanzia barua hiyo una siku zisizopungua 60 kuomba usikilizwe. Rudi, sema "naomba barua ya kukataliwa". Mara nyingi ukiitaja tu, hesabu inarudiwa. Omba na mkalimani, ni haki yako, usimtumie mtoto wa shemeji. Na wakiuliza mko wangapi, eleza mnaotegemea mfuko mmoja.

---
Kutoka: Mama Kijacho

Nashukuru. Na ile karatasi ya kuonyesha mfuko ni tofauti?

---
Kutoka: Shangazi Jikoni

Samahani kuingilia. Nina makopo ya maziwa ya mtoto ya WIC yamebaki, wangu amegoma anataka titi tu. Nauza nusu bei, njoo inboksi.

---
Kutoka: Msimamizi

Shangazi, futa tangazo hilo sasa hivi. Vya WIC haviuzwi, utatolewa kwenye programu na kuwaponza wengine. Baba Watatu na Kaka Mgeni, siasa mpelekeane kwa simu.

---
Kutoka: Shangazi Jikoni

Nimefuta. Na nepi je? Nepi WIC hawatoi, hizo nilinunua mwenyewe.