Naomba ushauri: alama ya kulinganisha XML kihisabati

Wataalamu, hamjambo. Huku Kisumu tunaandaa maelezo ya kubadilishana data za mizani ya samaki kati ya mifumo miwili. Tunataka kuandika kihisabati ni lini vipande viwili vya XML (lugha ya kuandika data kwa tagi) huhesabika kuwa kitu kimoja; alama yetu ya hilo ni ≡.

Sehemu rahisi imekaa sawa. Elementi ni E = (n, A, W): jina, seti ya atributi, mfuatano wa vilivyomo. Kwa kuwa A ni seti, mpangilio wa atributi haujalishi:

<samaki aina="mbuta" kilo="3"/> ≡ <samaki kilo='3' aina='mbuta'></samaki>

W ni mfuatano, kwa hivyo kupanga watoto upya kunavunja ≡. Nafasi tupu kati ya tagi nazo zimo ndani ya W. Hapo wengi huteleza.

Kinachotusumbua ni viambishi vya majina, yaani vifupisho kama p: vinavyosimamia URI (kitambulisho cha kundi la majina). Tukisema x ≡ y iwapo c(x) = c(y), c ikiwa Canonical XML ya W3C (2001), kanuni ya kuandika XML kwa umbo moja sanifu, basi p:samaki na q:samaki zinatoka tofauti hata URI ikiwa moja, maana c haigusi viambishi. Tukiandika jina kama jozi (URI, samaki), zinalingana. Lakini xsi:type="p:Mbuta" na xsi:type="q:Mbuta" (atributi inayotaja aina ya data ya elementi) bado zinatofautiana: kiambishi kimejificha ndani ya thamani, ambako kisintaksia ni maandishi tu.

Je, tutumie alama mbili, ya maandishi na ya majina, au tutaje mazingira ya matamko Γ (kiambishi kipi kinasimamia URI ipi): Γ ⊢ x ≡ y, yaani “chini ya Γ, x inalingana na y”? Naegemea ya pili, ila x na y huenda kila kimoja kina Γ yake. Nyinyi mngeiandikaje?