Askari wa doria mjini: risasi za bastola kwenye mtutu mrefu, au bunduki ya kivita?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba, maana linagusa roho za watu. Huko Marekani ubishi huu ni wa miaka mingi: askari wa doria akihitaji zaidi ya bastola, abebe karabini, yaani bunduki fupi ya begani, inayotumia risasi zilezile za bastola, au bunduki ya kivita ya 5.56, yaani ya risasi nyembamba ya milimita 5.56 iendayo kasi sana? Mimi nasimama na karabini.

Mtutu mrefu hauigeuzi risasi ya bastola kuwa ya kivita. Risasi ya milimita 9 yenye gramu 8 hutoka kwenye bastola kwa takriban mita 350 kwa sekunde. Ipitishe kwenye mtutu wa sentimita 40, itafika kama 400. Basi. Baruti yake ni kidogo na huungua upesi. Gesi ikishatanuka, kinachobaki ni msuguano. Ile ya .357 Magnum, risasi ya bastola za silinda, ni habari nyingine: ganda lake refu hubeba baruti nyingi iunguayo polepole, na bastola yake ya silinda huvujisha gesi kwenye upenyo ulio kati ya silinda na mtutu. Risasi ya gramu 10 inayotoka humo kwa mita 380 hukaribia 550 kwenye bunduki, na nishati yake huongezeka maradufu. Kwa hiyo anayesema mtutu mrefu unaongeza nguvu, aseme kwanza ni risasi gani.

Faida ya karabini ya milimita 9 ni shabaha. Kitako kiko begani, shavu limeegemea, mikono yote miwili imeshika. Askari wa kawaida ambaye moyo unamwenda mbio atapiga alengapo kwa umbali wa mita 50, mahali ambapo kwa bastola angekosa. Na risasi iliyokosa haiishii hewani, inatafuta mtu mwingine. Hilo ndilo linaloniuma.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, naomba kutofautiana nawe. North Hollywood, mjini Los Angeles, 28 Februari 1997: majambazi wawili wa benki, wamejifunika fulana za kuzuia risasi, wana bunduki za rashasha. Bastola za polisi hazikufua dafu, askari wakakimbilia duka la silaha kuazima bunduki. Hizo mita 50 kwa sekunde unazoongeza kwa mtutu mrefu zisingesaidia kitu. Fulana laini za daraja la IIIA, daraja la Marekani la fulana za kuzuia risasi za bastola, zilipimwa kwa risasi ya milimita 9 inayokwenda zaidi ya mita 430 kwa sekunde, na zinaizuia. Risasi ya 5.56 huzipita.

Mchangiaji wa tatu:
Niongeze la kuta. Watu hudhani 5.56 ndiyo hatari zaidi kwa majirani. Kwenye kuta za jasi, kama za nyumba nyingi za Marekani, risasi nyepesi ya kasi mara nyingi huyumba na kuvunjika vipande, huku ile ya milimita 9, nzito na ya mwendo mdogo, ikisonga mbele chumba hadi chumba.

Mleta mada:
La kuta nalikubali, ingawa linategemea risasi imeundwaje, ya 5.56 yenye ncha ya chuma haivunjiki kirahisi hivyo. Lakini barabarani hakuna jasi. Risasi ya 5.56 huondoka na nishati ya jouli zipatazo 1,700, ya karabini kama 640, na hiyo butu hupoteza kasi mapema. Ikikosa kwenye kituo cha basi, tofauti hiyo ni kubwa.

Kuhusu North Hollywood, bunduki ya kivita iwepo, ila ifungiwe kwenye gari la msimamizi wa zamu. Kisa kimoja cha aina ile kisiwe sababu ya kila askari kuibeba kila siku.

Mchangiaji wa pili:
Na msimamizi akiwa mbali? Mapambano yale yalidumu dakika 44. Raia na polisi wapatao 20 walijeruhiwa. Nijibu hilo kwanza, mkuu, ndipo tuendelee.