Hitisinki imeng'ang'ania kwenye prosesa ya AM4, naitoaje bila kupinda pini?

ChikongolaPC

Wadau, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani yenye Ryzen 5 3600 na feni yake ya kiwandani, ile Wraith Stealth ya skrubu nne. Ina miaka mitano, pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa haijawahi kubadilishwa, na inakaa Shangani kwenye chumba kinachopigwa na upepo wa bahari mchana kutwa. Nikifungua kazi ya kuhariri video, dakika mbili tu joto linafika nyuzi 95 na kasi inashuka. Vumbi nimepuliza kwa blowa, feni inazunguka vizuri. Sasa nimelegeza skrubu zote nne lakini hitisinki, yaani bati la kupoza prosesa, haitikisiki. Nivute kwa nguvu? Na spiriti ya duka la dawa inafaa kusafishia?

FundiMikindani

Mkuu, hapo uliposimama ndipo penyewe. Usivute.

Kwenye AM4, soketi ya AMD inayobeba prosesa kama yako, pini ziko chini ya prosesa, na soketi inazibana ubavuni tu. Hakuna fremu ya chuma inayoikandamiza prosesa kutoka juu. Kile kimkono cha pembeni hata kikiwa kimefungwa, pesti iliyokauka miaka mitano inakishinda. Ukivuta wima, prosesa inang'oka ikiwa imeganda kwenye hitisinki, na ikitoka kwa kuinama upande mmoja, safu nzima ya pini inalala.

Rudishia skrubu zote nne kwanza, chomeka waya wa feni pale palipoandikwa CPU_FAN, halafu washa. Fungua hiyo kazi yako ya video, iache iende dakika 10 hadi 15. Ikifika 95 prosesa yenyewe inapunguza kasi kujilinda, kwa hiyo muda huo mfupi hauiharibu. Hata ukiona hitisinki ni vuguvugu tu, usihangaike: kinachotakiwa kulainika ni pesti, nayo imegusana na kifuniko cha prosesa chenye joto lote.

Zima kawaida, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki uishe. Laza keisi ubavu, mazabodi (ubao mkuu) itazame juu. Toa RAM iliyo karibu na feni upate nafasi ya mkono, na chomoa waya wa feni kabla ya kugusa skrubu, maana huo husahauliwa na kukatwa. Kuanzia hapo usizubae, una kama dakika tano kabla pesti haijaganda tena.

Skrubu legeza kwa mkato wa X, mizunguko miwili kila moja, ukirudia mpaka zote ziachie. Ukimaliza moja kabisa wakati nyingine zimekaza, springi zinaikandamiza prosesa upande mmoja. Kisha shika bati la hitisinki lenyewe, usishike feni, na uizungushe kushoto kulia taratibu, nyuzi 10 au 15 tu kila upande, kama unafungua mfuniko wa chupa ulioshika. Mara ya kwanza itagoma. Endelea kwa nguvu ileile, usiongeze. Utasikia inaanza kuteleza kama kitu kilichopakwa grisi. Ikishateleza huru pande zote ndipo unainua, tena kwa kuanzia pembeni kidogo ili hewa iingie.

Msimbati_Tech

Naongezea alichosahau fundi. Skrubu za Stealth zinaingia moja kwa moja kwenye bati lililo nyuma ya mazabodi, kwa hiyo zikitoka zote bati hilo halina kinacholishika. Kabla ya kuanza, fungua ubavu wa pili wa keisi ulibandike kwa selotepu. Likidondoka ndani utalazimika kung'oa mazabodi nzima kulirudisha.

Na kwa mashine za pwani, angalia vichwa vya skrubu. Chumvi ikishaanzisha kutu, bisibisi nyota iliyochakaa inakula kichwa na kazi inakwama hapo. Tumia bisibisi inayojaa vizuri kwenye kichwa, ikandamize chini huku unazungusha.

ChikongolaPC

Asanteni sana. Na prosesa ikitoka nayo pamoja na tahadhari zote?

FundiMikindani

Inatokea, na mara nyingi inapona. Usijaribu kuirudisha ikiwa bado imeganda kwenye hitisinki. Kimkono cha soketi kitakuwa kimefunikwa, na utazikandamiza pini kwenye matundu yaliyofungwa.

Weka hitisinki mezani, pini zitazame juu. Puliza bati kwa draya ya nywele dakika mbili tatu, kisha shika prosesa kingo zake mbili na uizungushe vilevile. Usiingize bisibisi wala kisu katikati, kinakwangua ubao wa prosesa na kukata njia za umeme. Ikigoma, chukua mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia, upitishe kati ya kifuniko cha chuma na hitisinki, uvute huku na huku kama unakata sabuni. Hakikisha umepita upande wa hitisinki, siyo kati ya kifuniko na ubao wa prosesa.

Ikishaachia, tazama pini kwa tochi ya simu iliyolazwa, mstari kwa mstari, pande zote nne. Pini iliyoinama inaonekana mara moja kwa sababu inavunja mstari. Inyooshe kwa ncha ya penseli ya kubonyeza ya 0.5 isiyo na risasi: vika ncha juu ya pini, uirudishe kidogo kidogo. Iliyoinama mara moja hurudi. Iliyopindwa huku na huku hukatika. Kisha inua kimkono cha soketi, linganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, achilia prosesa. Inatakiwa ianguke yenyewe kwa uzito wake. Isipokaa, kuna pini bado imepinda, kwa hiyo itoe uangalie upya.

BintiMingoyo

Kuhusu spiriti, kaka, soma lebo. Aina ya isopropili yenye asilimia 90 au zaidi ndiyo bora. Ya asilimia 70 inasafisha, ila iliyobaki ni maji, na kwa unyevu wa huku kwetu maji hayakauki upesi. Subiri dakika 20 kabla ya kufunga. Petroli na thina usiguse, zinakula plastiki ya soketi. Tumia kitambaa cha fulana kuukuu ya pamba. Pamba ya hospitali na toilet pepa zinaacha nyuzi, na unyuzi mmoja katikati unazuia hitisinki isilale sawa.

Pesti mpya iwe tone moja katikati, ukubwa wa punje ya mbaazi. Ya choroko ni ndogo. Usiisambaze kwa kidole, mkandamizo wa hitisinki utaisambaza wenyewe. Kaza kwa X tena, mizunguko miwili miwili, mpaka skrubu zigome zenyewe.

Nami niulize: kwenye Intel ya soketi 1200, ambayo hitisinki yake inashikwa na pini nne za plastiki, utaratibu ni huuhuu?

Msimbati_Tech

Dada, huko hofu ya kung'oa prosesa haipo. Intel ilihamishia pini kwenye soketi za mezani tangu 2004, na prosesa imebanwa na fremu ya chuma. AMD nao wamefuata mfumo huo kwenye AM5 mwaka 2022. Kupasha moto na kuzungusha bado kunasaidia, ila hatari kubwa ni zile pini za plastiki, kwa sababu joto la miaka linazifanya zikatike kama kijiti kikavu. Zungusha kila kichwa robo mzunguko kufuata mshale uliochorwa, yaani kinyume na mwendo wa saa, halafu vuta juu mpaka usikie mlio. Wakati wa kurudishia, vichwa vyote virudi mwendo wa saa kwanza, ndipo ubonyeze viwili vinavyotazamana kwa mshazari. Pini isiyopenya mpaka nyuma ya mazabodi itaachia baadaye, kwa hiyo geuza uhakikishe.

Kwenye kompyuta mpakato msizungushe kabisa. Chipu iko wazi bila kifuniko na inamegeka kona. Fuata namba zilizoandikwa kwenye skrubu, ukianza na kubwa kurudi hadi 1.

ChikongolaPC

Imetoka! Prosesa imebaki kwenye soketi. Pesti ilikuwa unga mkavu kabisa. Nimewasha, ndani ya BIOS (ukurasa wa mipangilio kabla ya Windows) inasoma nyuzi 46, chumba kina joto la 31. Ni sawa?

FundiMikindani

Ni sawa kwa joto hilo la chumba. Sasa ipe video nusu saa uangalie tena. Ikipanda hadi 90 ndani ya dakika moja, skrubu moja haijafika mwisho.