Kiholanzi: hiki kitenzi kinakaa wapi jamani?

Mkwaju_Zwolle
Wakuu habari zenu. Nina mwezi wa 5 hapa Uholanzi, nasoma jioni baada ya kazi, maneno yanaingia ila kupanga sentensi ndo balaa. Mi huwa naunda kwanza kwa Kiingereza alafu nageuza. Nikisema "morgen ik ga naar de markt" (kesho mimi naenda sokoni) mwalimu anatikisa kichwa, anataka "morgen ga ik". Sawa, nikameza. Juzi nikaandika "omdat ik ga morgen naar de markt" (omdat ni "kwa sababu"), tena kosa, eti "omdat ik morgen naar de markt ga". Kuna kanuni hapo au tunakariri tu?

pilipili_manga
Kinachokuponza ni hicho Kiingereza. Kitenzi kinakaa nafasi ya pili, siyo neno la pili, nafasi. "Volgende week zaterdag" (Jumamosi ya wiki ijayo) ni maneno matatu ila nafasi moja, kinafuata kitenzi, alafu ndo ik. Na mbona kwetu tunageuza kila siku, "kitabu alichonunua Juma", "jana alikuja mgeni", nani anashangaa? Ukiweka omdat, dat (kwamba) au als (kama), kitenzi kinasukumwa mwisho. Want nayo ni "kwa sababu" ila haisogezi kitu, "want ik ga morgen naar de markt". Mi mwaka mzima nilijificha kwenye want, omdat nilikuwa naikwepa kama deni 😂

bibi_wa_baiskeli
Huyo bado hajakutana na vitenzi vinavyokatika vipande. Mwenye nyumba aliniandikia "ik zeg de huur per 1 juni op", mi nimeona zeg nikajua anasema kitu kuhusu kodi, nikamjibu oké na kidole gumba juu. Kumbe zeg na hiyo op ya kule mwisho ni kitenzi kimoja, opzeggen, yaani ananipa notisi na mimi nimeshukuru!! Siku hizi sijibu meseji kabla sijafika kwenye nukta. Cheki na hii, "ik hou van voetbal" unapenda mpira, "ik hou op met voetbal" unaacha mpira.

Mkwaju_Zwolle
Pole bibi, nimecheka lakini pole 🙈 Kwa hiyo "ik bel je morgen op" (nitakupigia simu kesho), ila nikianza na omdat inakuwaje, op inabaki peke yake?

pilipili_manga
Hapana, bel imesukumwa mwisho si ndo inamkuta op kule, wanaungana, "omdat ik je morgen opbel". Ukiwa na wil (nataka) au kan (naweza) pia vinabaki pamoja, "ik wil je morgen opbellen". Ikishapita, ge inajipenyeza katikati, "ik heb je gisteren opgebeld". Alafu wakati unatangulia mahali, "ik ga morgen met de trein naar Utrecht" (naenda kesho kwa treni Utrecht), ukiitaja Utrecht kabla ya morgen hapo watakuelewa ila watajua umetokea kwenye Kiingereza.

bibi_wa_baiskeli
Na ukimuuliza mtu kama anafanya kazi usiseme "werkt jij" (jij ni wewe), ile t inadondoka jij akija nyuma, "werk jij morgen?" Hiyo mi bado inaniponyoka na nina miaka 6 hapa.